Dole la Bi Tabu

Jibu lilifika Ijumaa asubuhi, tarehe ishirini na tano Juni 1954, ndani ya bahasha ya serikali, na lilikuwa jibu baya. Sajini Projestus alilisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akalisoma tena, maana kuna wakati mtu hudhani kiti kitamsaidia. Hakikusaidia. Ofisi ya alama za vidole ilisema kwamba dole gumba lililopigwa kwenye hati ya mauzo, na dole gumba alilolitoa Bi Tabu binti Mwishehe mbele ya askari wiki iliyopita, ni dole moja. Hakuna shaka.

Maana yake ni kwamba nyumba ya Kinondoni imeuzwa, na aliyeiuza ni yule yule mjane aliyekwenda baraza la Liwali akala kiapo kwamba hajauza hata bawaba ya mlango.

"Funga jalada," alisema Inspekta. "Mambo ya nyumba ni ya baraza, nalo litakaa Jumatatu. Sisi tulitafuta hati ya kughushi. Hatukuipata."

"Nipe mpaka kesho adhuhuri, Bwana."

"Unatafuta nini?"

"Sijakijua bado. Ila mwanamke anayejua ameuza haji mwenyewe kituoni kutuomba tulinganishe dole lake."

Inspekta alizungusha kalamu mara mbili mezani, akampa mpaka kesho adhuhuri. Projestus akachukua hati, akaichomeka ndani ya mkoba wa ngozi, akatoka na baiskeli yake. Alikuwa askari kanzu, yaani polisi asiyevaa sare. Kwa asili alikuwa Mhaya wa Bukoba mwenye miaka minne Dar es Salaam, na alikuwa na imani na karatasi kama wenzake wengine walivyo na imani na hirizi. Karatasi ya leo ilikuwa imemuudhi.

Alikwenda huku akiipanga kesi kichwani. Hati ilisema kwamba Alhamisi tarehe kumi na nane Machi, mjane wa marehemu Kibwana Pazi alifika ofisini kwa Bwana Kornelio, dalali wa viwanja, huko Temeke, akamuuzia nyumba aliyoachiwa na mumewe. Aliyeandika hati, na ambaye pia ndiye shahidi, ni Wilbert, karani wa Kornelio. Miezi mitatu nyumba ilikaa kimya. Kisha Jumatatu ya tarehe kumi na nne Juni, Kornelio akamletea mjane notisi: Jumamosi tarehe ishirini na sita asubuhi awe amehama, nyumba ibomolewe, lijengwe duka.

Na Jumamosi hiyo ilikuwa kesho.

*

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba sita, imetazama barabara. Marehemu aliikandika kwa mikono yake. Ardhi ilikuwa ya mwenye shamba, na nyumba ilikuwa ya aliyeijenga, kama ilivyo desturi ya huko: nyumba ikisimama, mwenye shamba hana la kusema, ikianguka, ardhi inarudi kwake. Naye mwenye shamba alikuwa amekwisha mwahidi Kornelio kiwanja hicho pindi kikiwa kitupu.

Bi Tabu alikuwa amekaa kibarazani akichambua mchele. Alivaa khanga nyekundu za korosho, mpya, na viganja vyake vilikuwa na hina iliyoanza kufifia. Juu ya mdomo alikuwa na kidoti. Wapangaji wawili walikuwa wamekwisha hama. Yeye hakuwa amefunga hata kijiko.

"Shikamoo, Bi Tabu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na uso wa msiba. Sema tu, mie nimeshafiwa, hunishtui."

"Dole lililo kwenye hati ni lako."

Bi Tabu aliacha ungo, akalitazama dole lake la kushoto, akaligeuza huku na huku.

"Hili?"

"Hilo."

"Basi lilikwenda peke yake, mie nikabaki. Maana Temeke sijakanyaga tangu azaliwe binamu yangu, na huyo sasa ana wajukuu."

"Uliwahi kumpa Kornelio dole lako kwenye karatasi yoyote?"

"Kornelio nilimwona siku ile alipokuja na karani wake kunipa hiyo notisi. Kabla ya hapo simjui kwa sura wala kwa kivuli."

"Bi Tabu, ukinificha kitu sasa, Jumatatu kitakuumbua mbele ya Liwali."

"Nikufiche nini? Sijauza, siuzi, wala sijui kuuza. Andika hivyo hivyo."

Projestus aliandika hivyo hivyo. Alimtazama usoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na hakuona mahali pa kushika. Kwa kazi yake alikuwa amewazoea waongo. Wengi huongeza maneno. Huyu alikuwa akipunguza.

"Kesho wakija," Bi Tabu aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka, "wananitoa?"

"Hapana. Sikiliza, na uwaambie majirani nao wasikie. Hata kama ungekuwa umeuza kweli, hakuna mtu wa kukutoa ndani kwa mkono wake. Aliyenunua na asiyenunua wote njia yao ni moja, wanakwenda baraza. Utaitwa, utasema yako, utaleta mashahidi wako. Ukishindwa, Liwali ndiye atakayekupangia siku ya kuhama, si dalali. Na shauri lako limekwisha andikwa pale, kwa hiyo anayegusa nyumba hii kabla ya Jumatatu anavunja sheria."

"Hayo Kornelio anayajua?"

"Anayajua. Ndiyo maana anataka kuja Jumamosi. Nyumba isiposimama, Jumatatu baraza litabaki kuzungumza juu ya kifusi."

Bi Tabu aliurudia ungo wake. "Basi nenda ukamwambie kwamba mie bado napika humu," alisema.

*

Ofisi ya Kornelio ilikuwa chumba kimoja cha bati, chenye meza kubwa kuliko haja na ramani ya viwanja ukutani. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole wa maneno, mwenye tabia ya kumaliza sentensi za wenzake.

"Karibu, Sajini. Nimesikia vidole vimekwisha..."

"Vimesema, ndiyo. Nina maswali machache tu ya kufungia jalada. Bi Tabu alifika hapa saa ngapi?"

"Saa nne za asubuhi."

"Na nani?"

"Peke yake. Mwanamke jasiri."

"Kilianza nini, kuandika au kupiga dole?"

"Kuandika, bila shaka. Wilbert aliandika, akamsomea neno kwa neno, mama akaridhika, ndipo akapiga dole. Mimi sifanyi mambo ya uchochoroni."

Projestus alitoa hati, akailaza mezani. Juu mwandiko ulikuwa mpana, wa kupendeza, mistari imeachana kwa nafasi. Kuanzia katikati mistari ilianza kukaribiana, na miwili ya mwisho ilikuwa imebanana hata herufi zikapandiana, ikaishia juu kidogo ya dole.

"Kwa nini huku chini amejibana hivi?"

"Karatasi ilikuwa inamwishia."

"Chini ya dole pana nafasi ya vidole vinne. Angeweza kuendelea mpaka kesho kutwa."

Kornelio alicheka. "Sajini, na mwandiko wa karani nao una kesi?"

"Na dole limesimama kichwa chini. Ncha inatazama ukingo wa chini wa karatasi."

"Mama hajui kusoma. Juu na chini atavijulia wapi?"

Lilikuwa jibu zuri. Projestus alilikubali kwa kichwa na kuliandika, kisha akaomba kuzungumza na karani faragha. Kornelio alitaka kukaa nao. Sajini akamwambia kwamba kiti kimoja kinatosha, wala hakufafanua.

Wilbert alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, mtu wa bara kama Projestus, nywele zimepigwa njia pembeni, kalamu mbili mfukoni. Walikaa uani, kwenye benchi la kufulia.

"Mimi nakusikiliza tu," Projestus alisema. "Ninachotaka kujua ni kimoja. Jumatatu mama atasema aliyekuja ofisini si yeye, ni mwanamke mwingine aliyejifunika. Wewe utajibu nini?"

"Nitasema ni yeye. Nilimwona."

"Wanawake wa hapa hujifunika buibui mpaka puani. Uliona nini?"

Karani alisita. Ndipo alipoona mlango ameachiwa wazi, akaupitia mbio.

"Hakujifunika, Sajini. Buibui alilivua pale mlangoni akalikunja. Alivaa khanga nyekundu, zile zenye korosho, mpya kabisa. Mikono yote ina hina, imekolea, nyeusi. Alinukia marashi chumba kizima. Uso nauona mpaka sasa: ana kidoti hapa, juu ya mdomo."

"Ulikuwa karibu naye?"

"Kama wewe na mimi. Mimi ndiye niliyemshika mkono kupiga dole."

"Khanga nyekundu za korosho. Hina. Marashi. Tarehe kumi na nane Machi."

"Naapa."

"Usiape bure. Tia sahihi tu."

Wilbert alitia sahihi kwa mkono mwepesi, mwandiko wa shule, akaweka na tarehe. Projestus aliikausha karatasi kwa kuipeperusha, na moyo ulikuwa umemshuka. Khanga zilikuwepo, hina ilikuwepo, kidoti kilikuwepo. Vyote alikuwa ameviona kwa macho yake saa tatu zilizopita. Kijana alikuwa amemweleza Bi Tabu barabara. Ilimuuma kufikiri kwamba yule mama wa ungo alikuwa amemchezea.

Hata hivyo kazi ni kazi. Alirudi ndani akamwambia Kornelio: "Kesho usiguse nyumba ile. Shauri liko barazani."

"Nyumba ni yangu, Sajini. Mtu haombi ruhusa kuezua kwake."

"Anaiomba. Nami nimekwambia mbele ya karani wako, ili Jumatatu usije ukasema hukusikia."

*

Alirudi Kinondoni saa tisa na nusu, jasho limemlowesha mgongo mzima. Kibarazani walikuwa wawili sasa. Wa pili alikuwa Margareta, jirani wa ukuta kwa ukuta, mke wa Albano mchonga vinyago, watu wa Newala. Alikuwa ametoka shambani kwake Mwananyamala, kapu la muhogo bado liko miguuni.

"Huyu ndiye askari wako?" Margareta alimuuliza mwenzake, kama vile askari hasikii.

"Ndiye. Mpe maji kwanza, ugomvi baadaye."

Projestus alikunywa maji. Kisha, bila kuzunguka, akatoa maelezo ya Wilbert akayasoma kwa sauti, macho yake yako kwa Bi Tabu, maana alitaka kuona uso wake atakapofika kwenye kidoti. Hakufika kwenye kidoti. Alipofika kwenye hina, Margareta aliangua kicheko, akapiga mapaja, akaliangusha kapu, muhogo ukatawanyika kibaraza kizima.

"Soma tena! Mwezi gani?"

"Machi. Tarehe kumi na nane."

"Hina! Marashi! Mwezi wa tatu!" Alifuta machozi kwa upindo wa khanga. "Tabu, hebu mwambie askari wako mwezi wa tatu ulikuwa wapi."

"Nitakuwa wapi na mume kafa mwezi wa pili?" Bi Tabu alisema. "Nilikuwa eda."

Projestus aliwatazama wote wawili. Neno alilijua. Alidhani ni zile siku za matanga, watu wakishakula wali wakaondoka na eda imekwisha. Alisema hivyo.

"Ee Mungu wangu, nyie watu wa bara!" Margareta alisema. "Mmekaa Dar miaka mingapi na msibani hamuingii ndani? Miezi minne na siku kumi, baba! Mjane hatoki. Hapaki hina, hajitii wanja, hajipulizii marashi, khanga ya rangi haigusi. Nguo nyeupe tu, na pazia limefungwa, mwanamume asiye wake hamwoni hata kisigino. Mie Mkristo nimebatizwa Ndanda, lakini nimelala naye humo ndani kwa zamu na wenzangu, siku zote hizo. Alitoka tarehe kumi na moja ya mwezi huu. Na khanga hizo nyekundu, aliyezinunua mie! Nilimvika siku aliyotoka eda. Mwezi wa tatu zilikuwa hata mezani kwa Mhindi hazijafika."

Projestus alikaa chini. Mgeni njoo mwenyeji apone, wasemavyo watu wa pwani, lakini siku hiyo mgeni ndiye aliyeponywa na mwenyeji, na aliona haya kabisa. Kosa la Wilbert lilikuwa kosa lake pia. Tofauti yao ni kwamba Wilbert alikuwa amelitia sahihi.

Sasa mambo yakajipanga yenyewe. Kornelio na Wilbert walimwona Bi Tabu siku ya notisi, tarehe kumi na nne Juni, siku tatu baada ya eda, akiwa ndani ya khanga mpya na hina mbichi. Wilbert alipotakiwa kumweleza mama wa Machi, alimchukua mama wa Juni akamrudisha nyuma miezi mitatu. Kwa mtu wa bara, mwanamke wa Kiswahili ni hina na marashi mwaka mzima.

Lakini dole bado lilikuwa lake. Projestus aligundua kwamba siku nzima alikuwa akiuliza swali bovu. Aliuliza juu ya kuuza, na juu ya Kornelio. Hakuuliza juu ya dole lenyewe.

"Bi Tabu. Ndani ya eda, kuna mtu yeyote aliyekuja kuchukua dole lako? Kwa jambo lolote lile?"

"Hakuna," alisema. Aligeuka polepole kwa Margareta. "Yule wa kodi ya kichwa?"

"Huyo huyo," Margareta alisema, na kicheko kilikuwa kimemtoka.

Walimweleza kwa kupokezana. Katikati ya Machi alikuja kijana aliyesema ametoka bomani. Alitaka kulifuta jina la marehemu kwenye daftari la kodi ya kichwa, la sivyo serikali itaendelea kumdai maiti. Bi Tabu hakuweza kutoka. Kijana akasimama upande huu wa pazia, ameshika ubao wenye karatasi. Bi Tabu akapitisha mkono upande wa pili, na Margareta akamshikia kibati cha wino. Dole likapigwa, kijana akashukuru, akaenda zake.

"Karatasi ilikuwa imeandikwa?"

"Nyeupe kama kanzu ya Idi," Margareta alisema. "Nilimuuliza. Akasema maneno yanaandikwa bomani na mashine."

"Kwa nini hamkunieleza?"

"Ulituuliza?" Bi Tabu alisema. "Wewe ulisema Kornelio. Ile ilikuwa kazi ya serikali, na Kornelio si serikali."

Projestus aliomba pazia lile lile lifungwe mlangoni. Alisimama upande wa nje na karatasi safi juu ya mkoba wake, Bi Tabu akaingia ndani, akapitisha mkono, akapiga dole. Projestus akaitazama karatasi. Kwake yeye aliyeishika, dole lilikuwa limesimama kichwa chini, ncha inatazama ukingo wa chini, sawasawa na lile la kwenye hati. Kama kweli Wilbert angemshika mkono mezani, ubavu kwa ubavu, angelipata limesimama wima. Na mwandiko ulijibana kwa sababu dole lilitangulia. Karani aliandika akilifuata, akafika karibu yake, nafasi ikamwishia.

"Huyo wa kodi ukimwona utamjua?" alimuuliza Margareta.

"Nimeona wanaume wengi wakiwa na haraka. Yule alikuwa na hofu. Namjua."

"Siku ya notisi hukumwona karani wa Kornelio?"

"Nilikuwa shamba."

Projestus hakumwambia Margareta jinsi Wilbert alivyo. Shahidi ukimwonjesha jibu leo, mahakamani atalitema.

*

Jumamosi saa mbili asubuhi walikuja. Kornelio mbele, Wilbert nyuma yake na mkoba, kisha vibarua sita na ngazi mbili. Hawakupiga hodi. Ngazi ziliegemezwa ukutani na wawili walikuwa wamekwisha panda juu ya makuti pale Projestus alipotoka chumba cha uani pamoja na konstebo mwenye sare. Kibarazani walikuwa wamekaa wanawake kumi na tano, Bi Tabu katikati yao, wamekunja miguu kama watu waliokuja arusini.

"Huko juu, simameni," Projestus alisema. "Anayeng'oa kuti moja nampeleka ndani."

Vibarua walisimama. Kornelio akatabasamu.

"Sajini, hati unayo wewe mwenyewe. Dole umelipima wewe mwenyewe. Sasa unazuia nini?"

"Nina jambo dogo la kusoma. Maelezo ya karani wako. Nataka athibitishe mbele ya watu kwamba ni yake."

"Ni yangu," Wilbert alisema.

"Bado hujayasikia." Projestus aliyafungua, akayasoma taratibu, kama anayesoma barua ya posa. Alifika kwenye khanga nyekundu, wanawake wakatazamana. Alifika kwenye hina na marashi. Mmoja alitoa mguno, wa pili akasema "Astaghfirullah," na kwa ghafla kibaraza kizima kikalipuka.

"Mjane wa eda na hina!"

"Kamvua buibui huyo! Kamshika na mkono!"

"Tumelala zamu humu ndani miezi minne, alitokea dirishani?"

Wilbert aliwaangalia bila kuelewa. Kornelio alikuwa mwepesi zaidi. Alikuwa hajui eda ni nini, lakini alijua kuhesabu nyuso, na zote zilikuwa zimekwisha toa hukumu. Tabasamu likamtoka.

"Kama karani amekosea khanga," alisema, "hilo si..."

"Hakukosea khanga. Khanga alizieleza vizuri sana. Zilinunuliwa Juni." Projestus aligeuka. "Margareta, simama. Kati ya watu hawa, yuko aliyekuja hapa Machi kwa habari ya kodi ya kichwa?"

Margareta alishuka kibarazani. Aliwapita vibarua mmoja mmoja, akampita Kornelio bila hata kumtazama, akasimama mbele ya Wilbert, karibu mno.

"Huyu. Alikuwa na kalamu mbili, kama leo. Na alitetemeka, kama leo."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Wilbert iliishia pale.

"Si mimi niliyepanga!" alisema. "Bwana Kornelio alisema ni dole tu. Alisema mama mwenyewe hajui kusoma, akipewa notisi ataondoka kimya kimya, kwamba watu wa namna hii hawaendi baraza, wanafunga virago. Alisema hakuna atakayeuliza!"

"Nyamaza, mjinga wewe!"

"Mwache aseme," Projestus alisema. "Wewe zamu yako ni Jumatatu."

Konstebo akawachukua wote wawili, Kornelio kwa kughushi hati, Wilbert kwa kughushi na kwa kujifanya mtumishi wa serikali. Kornelio alitaka kujua kama anaweza kupelekwa kwa gari. Aliambiwa hapana gari. Wakaenda kwa miguu barabarani mchana kweupe, na habari ikawatangulia.

Projestus alimgeukia Bi Tabu. "Jumatatu utafika barazani saa tatu. Njoo na Margareta na wawili katika hawa waliolala zamu. Liwali atafuta hati, na nyumba itaandikwa jina lako, si la marehemu. Lidai hilo. Ni haki yako, wala usingoje uambiwe."

"Nitalidai," Bi Tabu alisema. Macho yalikuwa yamemjaa, naye hakuyaficha. "Kibwana aliniachia kitu kimoja tu duniani, mwanangu."

Aliyafuta kwa mgongo wa mkono, akasimama, akashuka kibarazani kutazama paa lake. Wale vibarua wawili walikuwa bado wamechuchumaa kule juu, hawajui wafanye nini.

"Mama," mmoja aliita kwa adabu, "tushuke?"

"Mmelipwa?"

"Ya leo tumelipwa, mama. Mapema."

"Na nani?"

Kibarua alielekeza kidevu barabarani, kule Kornelio alikokuwa akipungua.

"Basi mnashukaje na kazi hamjafanya?" Bi Tabu alisema. "Upande wa jikoni unavuja tangu masika. Makuti mapya yako pale nyuma ya choo. Na mfunge kwa kamba mbili mbili, mie sitaki mchezo."

Vibarua wakatazamana, kisha wakamtazama Sajini. Sajini akatazama pengine. Wakahamishia ngazi upande wa jikoni.